WAZO LA LEO: Sanduku la Kufuli Tatu

Mtoto aliyekulia kwenye ufukara hujua mapema bei ya vitu: mafuta ya taa ya kupima, unga wa robo kilo, daftari moja linalogawanywa kwa masomo mawili. Huambiwa ajitume. Ni neno jema, lakini peke yake halitoshi. Mama anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi hajakosa juhudi. Amekosa mtaji na mtu wa kumshika mkono.

Ndiyo maana nauthamini mkutano wa kila wiki wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chini ya mwembe. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Kila mwanachama hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wake, na upo mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa. Kwa mkopo wa humo, mama hununua mfuko mzima wa unga badala ya kilo mojamoja. Kinachobaki ndicho sare na viatu vya shule.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne 2016, na ya kidato cha tano na sita 2022.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe hushikwa na mikono mingi. Wewe uliyevuka, mkumbuke aliyebaki ng'ambo: mnunulie mtoto wa jirani daftari na kalamu, leo.