Deni la Mwaka Mpya

Kuna madeni ya namna mbili duniani. Moja huandikwa katika daftari la mwenye duka, na likilipwa hufutwa. La pili haliandikwi mahali popote, wala mdai wake haendi kwa hakimu. Deni hili la pili ndilo la mtoto kwa wazazi wake. Napenda tufikiri pamoja juu ya swali moja, dogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana: je, mtu aliye mbali na kwao aweza kulilipa deni hili kwa fedha, bila ya kwenda mwenyewe?

Swali hili sikulipata kitabuni. Kwetu ni Meru, katika vilima vya karibu na Nkubu, na kazi yangu ni kufundisha katika chuo cha ualimu. Kila mwisho wa Desemba barabara itokayo Nairobi kupitia Embu na Chuka hujaa magari, na nauli hupanda, maana watoto wa mlimani wanarudi kwao. Nyumbani kwetu baba huchinja mbuzi siku ya mwaka mpya, akaikata nyama kwa mkono wake mwenyewe, na kila mtu hupewa sehemu impasayo kwa umri wake na nafasi yake katika jamaa. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha Mombasa, niliona safari ni ndefu na mapumziko ni mafupi. Nikatuma fedha kwa simu, nyingi kuliko nauli yenyewe, nikajihesabu kuwa mtoto mwema. Jioni nilimpigia baba nikamwuliza kama fedha zimefika. Akajibu, "Zimefika, mwanangu. Wewe ndiye hujafika." Baadaye mama aliniambia ya kuwa sehemu yangu ya nyama ilikatwa kama desturi, ikafunikwa katika sahani mpaka kesho yake, ndipo akapewa mtoto wa jirani.

Jibu la baba kwanza liliniudhi, kisha likanifikirisha. Nikatafuta habari za watu waliotutangulia kuonja taabu ya kuwa mbali na kwao, nikawakuta Wachina wa ng'ambo. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, watu wengi wa majimbo ya Guangdong na Fujian, kusini mwa Uchina, walivuka bahari kutafuta riziki katika nchi ziitwazo leo Malaysia, Singapore, Indonesia na Thailand, na katika Marekani, hata katika kisiwa cha Morisi kilicho ndani ya bahari yetu hii ya Hindi. Kila walikokwenda walichukua mwaka wao mpya, ambao hufuata mwandamo wa mwezi na kuangukia kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari. Kabla ya siku hiyo nyumba hufagiwa, na mwenye deni hujitahidi kulilipa, asije akaingia mwaka mpya na mzigo wa mwaka wa kale. Usiku wa kuamkia mwaka, jamaa wote hukutana kwa chakula kimoja, nacho ndicho kiini cha sikukuu. Kesho yake vijana huwaamkia wazee, na watoto hupewa fedha katika bahasha nyekundu. Na yule aliye mbali asiweze kuja, katika baadhi ya nyumba huwekewa mezani bakuli lake na vijiti vyake vya kulia. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka sahani ya mama.

Nguvu ya desturi hizi ilijaribiwa sana katika nchi ya Indonesia. Mwaka 1967 serikali ya Suharto iliwakataza Wachina wa huko kufanya sikukuu zao hadharani. Amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 2000, ilipofutwa na Rais Abdurrahman Wahid, na tangu mwaka 2003 siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa zima. Kwa miaka 33 shangwe za barabarani zilinyamazishwa, yakabaki yale yawezayo kufanywa nyuma ya mlango uliofungwa: kula pamoja na kuwaamkia wazee. Ukitaka kujua moyo wa desturi, tazama kinachobaki mapambo yote yakiisha kuondolewa.

Lakini wengi miongoni mwa wahamiaji wa kwanza hawakuweza kurudi kuketi mezani kwao. Walituma fedha, kama nilivyotuma mimi. Tofauti yetu ni moja: fedha zao zilifuatana na barua. Asiyejua kuandika alimlipa mwandishi amwandikie. Barua hizo, ziitwazo qiaopi, zilipelekwa mpaka mlangoni pa jamaa pamoja na fedha, na majibu yakarudishwa ng'ambo. Mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Fedha zile zilikwisha kuliwa zamani. Maneno yangali yanasomwa.

Huenda utaniuliza, "Je, muuguzi aliye zamu, askari aliye mpakani, au mlinzi asiyepewa ruhusa, nao ni wakosaji?" La, hasha. Wala siidharau fedha, maana tumbo lenye njaa halishibi salamu, na mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa fedha zilizotumwa kutoka mbali. Asiyeweza kwenda hana lawama. Na atume fedha pamoja na maneno yake. Lawama ni ya yule awezaye. Tangu mwaka 2007 sisi hutuma fedha kwa M-Pesa, na tangu mwaka 2014 Wachina nao hutumiana bahasha nyekundu kwa simu. Kitendo ni chepesi, na kwa wepesi wake huweza kutudanganya. Kwa hiyo kila atumaye na ajiulize: nimetuma kwa sababu sikuweza kwenda, au nimetuma ili nisiende? Katika hali ya kwanza fedha ni mjumbe wa upendo. Katika hali ya pili ni bei ya kununulia nafasi ya kutokuwapo, na hapana mzazi aliyeiuza.

Mwaka uliofuata nilikwenda. Mfuko wangu ulikuwa mwepesi, kwa kuwa nauli ilikuwa imeula. Baba alikata nyama, akanikabidhi sehemu yangu, wala hakutaja habari za mwaka uliopita. Mama aliosha sahani ile ile akaniwekea chakula. Nilifahamu ya kuwa fedha zangu za mwaka jana zilikuwa zimelipa chumvi, sukari na mafuta ya taa, lakini deni lenyewe lilikuwa likiningoja.

Nawe msomaji kijana, siku moja kazi itakuchukua mbali na mlima huu, Nairobi au ng'ambo. Tuma fedha, maana ni wajibu wako. Tuma na neno, maana fedha hazina ulimi. Lakini mwaka utakaoweza kwenda, nenda, ukale sehemu yako ingali moto.