Mtoto Aliyewatangulia Wenzake: Je, Kumsemea Skuli ni Kiburi?



Katika darsa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alituuliza swali ambalo kwanza tulilidhania dogo. Binti yake ana miaka sita. Alifunzwa herufi na bibi yake akafika Juzuu Amma, kisha mwenyewe akazigeukia herufi za Kiswahili, akawa asoma kila alionalo: ubao wa duka, kopo la maziwa, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa bajia. Alipoingia gredi ya kwanza aliwakuta wenzake wafundishwa a, e, i, o, u. Siku za mwanzo alijibu kabla ya swali kwisha, akaambiwa anyamaze awangoje wengine. Muhula haukwisha, baba yake akamsikia nyumbani akisoma kwa kukatakata, "ba-ba, ka-ka", kama aliyeanza jana. Alipomuuliza sababu, mtoto alisema: "Mwalimu hapendi nikisoma upesi."

Ndugu yetu akataka kujua: je, aende skuli akaseme, au kusema huko ni kujivunia mwana na kumvunjia mwalimu adabu?

Walio wengi katika sisi walimwambia asubiri. Wako waliosema mwalimu ni mzazi wa pili, haingiliwi kazini mwake. Wako waliochelea kijicho. Lakini neno lililotukaa zaidi ni la mzee mmoja aliyesema: "Darasani mna watoto sitini, na wako wasiojua hata kushika kalamu. Wewe ukamsemee wako ambaye hakupungukiwa na kitu. Wale watasemewa na nani?"

Tumelifikiri jambo hili kwa siku nyingi, na twaona kwamba tulikosea kumwambia asubiri. Unyenyekevu ni mtu kuficha sifa yake mwenyewe. Ama kipawa cha mtoto si sifa ya baba, ni amana aliyowekewa, na Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Baba anayenyamaza hapa hajinyenyekezi; anyenyekea kwa mali ya mwingine, tena mwingine asiyeweza kujisemea. Na yule binti alikuwa amekwisha kujifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba wakubwa hufurahi ukiwaficha unachokijua. Kusoma aweza kukurudia akiwa na miaka minane. Tabia hiyo akikua nayo, nani atamtoa?

Zamani jambo hili halikuwa na uzito katika miji yetu. Chuoni kila mtoto alikuwa na mahali pake: huyu yuko alifu, yule yuko Juzuu Amma, na yule karibu atakhitimu, wote wamekaa jamvi moja. Maalim alimsikiliza kila mmoja kwa zamu, na wakubwa wakiwasomesha wadogo. Hatusemi chuo kilikuwa hakina ila. Fimbo ilikuwa nyingi, na wengi wetu tulikhitimu bila ya kufahamu maana ya tulichokisoma. Lakini hakuna aliyeambiwa arudi nyuma kwa kuwa umri wake haujafika. Kuwapanga watoto kwa miaka ni desturi iliyokuja na skuli, na yafaa kwa mambo mengi. Lakini si sharia.

Tena tuangalie kisa cha Amr bin Salama, kilichomo katika Bukhari. Alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, aliyeihifadhi Qur'ani kwa kuwasikiliza wasafiri waliopita kwao. Watu wake waliposilimu wakaambiwa awasalishe aliye na Qur'ani nyingi zaidi, walitafuta wasimpate aliyemshinda, wakamtanguliza yeye. Nguo yake ilikuwa fupi, ikipanda alipokuwa akisujudu, hata mwanamke mmoja akasema wamsitiri imamu wao. Wakanunua kitambaa wakamkatia kanzu. Na yeye mwenyewe asimulia kwamba hakufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Hakutaja furaha ya uimamu! Wale watu hawakumnyima nafasi yake kwa udogo wake, wala hawakusahau kuwa ni mtoto.

Basi kwa hili twapata kipimo cha kumjibu yule mzee wetu. Mzazi akienda kutaka mwanawe arushwe madarasa ili barazani asemwe vizuri, hilo ndilo la kiburi. Akienda kutaka mtoto apewe kitabu cha kusoma wakati wenzake wakifundishwa herufi, hakumpokonya mtu kitu. Na akiwa tayari kumwombea haki yake yule asiyejua kushika kalamu pia, hana la kuona haya. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo limhusulo, wala haikusema mtoto gani. Na adabu kwa mwalimu iko katika namna ya kusema: kwenda baada ya masomo, kumshukuru, kuuliza kabla ya kulaumu.

Ndugu yetu alikwenda hivyo. Mwalimu hakukasirika. Alisema hakujua kama mtoto asoma kiasi hicho, kwani katika sitini si rahisi kumsikiliza mmoja mmoja. Alikataa kumpandisha gredi ya pili, na sisi twaona alikuwa na haki, kwa sababu binti mwenyewe alipoulizwa alitaka jambo moja tu, asitenganishwe na rafiki yake. Kitabu alikubali kumpa, lakini darasani hamkuwa na kitabu cha hadithi hata kimoja.

Kwa hiyo tumeweka sanduku katika chumba cha darsa. Mpaka sasa mna vitabu kumi na kimoja, viwili havina jalada. Aliye na vitabu vya watoto vya Kiswahili visivyosomwa tena nyumbani kwake, tafadhali avilete baada ya Isha. Vitapelekwa kwa darasa zima.