Habari ya Msiba na Mpelekaji Wake

Katika utamaduni wetu mtu akiulizwa habari hujibu kwanza kuwa ni njema, hata kama nyumbani ameacha mgonjwa. Neno zito hufuata baadaye, taratibu. Wageni huona huo ni uongo. Sisi twaona ni kumpa msikiaji nafasi ya kuketi. Na habari ya kifo haikuwa ya kila mdomo: alichaguliwa mtu mzima, akaipeleka akiwa na hakika ya jina la marehemu.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Mara picha za mkia wake ukichomoza majini zikaenea katika simu, tangu Kariakoo hata Posta. Ilitangazwa kwamba watu 26 wameokolewa. Hesabu ya mwisho ikawa 24 waliopona na 19 waliokufa. Kwa msomaji wa mbali tofauti hiyo ni ya tarakimu. Kwa mwenye ndugu ndani ya ndege ile ni tumaini alilopewa likanyang'anywa.

Hatusemi vyombo vya habari vingenyamaza. Ukimya huzaa uvumi, na uvumi hauna mhariri. Tunachodai ni kwamba aliyewahi kusema ana wajibu wa kurudi kusema tena, hata kama wasikilizaji wamekwisha tawanyika.

Kanuni za kimataifa zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944 zinataka uchunguzi wa ajali ulenge kuzuia nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Sisi hutaka mkosaji kabla ya jua kuchwa, na rubani ndiye wa kwanza kutajwa. Marubani wote wawili wa ndege ile walikufa, nani angewajibia?

Mvuvi mmoja kijana alisifiwa nchi nzima. Wavuvi walistahili sifa, maana walifika na mitumbwi yao mapema. Lakini shujaa ana sura ya kupigwa picha. Chombo cha uokoaji kisichokuwapo hakina. Taarifa ya awali ya uchunguzi, iliyotoka mwezi huohuo, ilitaja kuchelewa kwa uokoaji. Tungependa kujua ni wangapi, kati ya wale wasomao vichwa vya magazeti pale Posta wakingoja basi, walioisoma hiyo hadi mwisho.