Njia Mbili za Dawa

Husemwa mara nyingi katika miji ya pwani, mtoto azaliwapo asilie, kisha siku ya pili akashikwa na degedege, ya kuwa amepitiwa na shetani, au ya kuwa hiyo ni kadari na hapana la kufanya. Neno la kwanza ni ujinga. Neno la pili ni kweli, lakini huwekwa pasipo mahali pake. Basi la kuulizwa ni hili: je, kadari yamtoa mtu katika dhima ya jambo alilokuwa akiliweza?

Kwanza yapasa kuujua ugonjwa wenyewe. Sababu yake kubwa mojawapo ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ubongo hudhurika papo hapo, kisha hutulia kwa saa chache, kisha madhara hurudi kwa nguvu zaidi. Katika utulivu huo, nao ni kiasi cha saa 6, ndipo matabibu hutafuta kuingiza dawa.

Na dawa hiyo ina njia mbili. Njia ya ndani ni kutoka damuni hata ubongoni, nayo ni nyembamba mno, kwani kuta za mishipa ya ubongo zimeshikamana mfano wa mlango wenye bawabu, na dawa nyingi hurudishwa. Fenobabitali hupita ikatuliza degedege, lakini haiponyi palipokwisha kuharibika. Ulaya na Marekani mtoto kama huyo hupozwa mwili kwa siku tatu. Lakini kupoza huko kulipojaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, ilibainika mwaka 2021 ya kuwa waliopozwa walikufa zaidi kuliko wasiopozwa. Erithropoietini nayo ilijaribiwa Marekani kwa watoto 500, na khabari yake ilipotolewa mwaka 2022, haikuonekana kuongeza faida juu ya kupoza. Njia hii imo mikononi mwa wenye elimu, na baba wa mtoto hana lawama nayo.

Njia ya nje ni kutoka mlangoni pa nyumba hata mkononi mwa mkunga aliyefunzwa, nayo imo mikononi mwa kila mtu. Tangu mwaka 2009, katika hospitali 8 za Tanzania, wakunga walifundishwa kumtia mtoto hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika yake ya kwanza. Khabari iliyotolewa mwaka 2013 yasema ya kuwa vifo vya siku ya kwanza vilishuka kutoka 13.4 hata 7.1 katika kila watoto 1,000. Wala hiyo si dawa ya ajabu: ni hewa, na mkono uliofunzwa, na kuwahi.

Basi mtu wa Nguvumali ambaye mkewe ashikwa na uchungu usiku, naye akangoja asubuhi, hali hospitali ya Bombo imo mji ule ule, hana haki ya kuitanguliza kadari. Hapana nahodha aachaye kutia nanga kisha chombo kikichukuliwa na maji akasema imeandikwa. Kadari ni neno la subira baada ya kutenda, si neno la udhuru kabla yake.

Huenda akasema mtu: «Maskini hana nauli.» Ni kweli, wala hakalifishwi asiloliweza. Lakini Imamu Ghazali ameihesabu elimu ya utabibu katika fardhi kifaya, yaani wasipopatikana wa kuisimamia, dhambi ni ya mji mzima. Na utabibu usiofikiwa na mgonjwa wamfaa nini? Jirani wachangao karamu ya arusi hawashindwi kuchanga gari la usiku mmoja.

Na mtoto aliyekwisha kudhurika si aibu ya kufichwa chumbani. Haki yake ya kutunzwa haikupungua, bali imezidi.

Basi kabla mimba haijatimiza miezi yake, na ijulikane gari ni la nani, na ni nani atakayeamshwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.