Unafanya Nini Hapa?

Jioni ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2011, watu zaidi ya mia moja walitoka mtaa wa Broadwater Farm, kaskazini mwa London, wakaenda kwa miguu hadi kituo cha polisi cha Tottenham. Siku mbili kabla yake polisi walikuwa wamempiga risasi na kumwua Mark Duggan, mwenye umri wa miaka 29. Wazazi wake hawakupelekewa taarifa rasmi ya msiba. Waandishi wa habari waliambiwa kulikuwa na kurushiana risasi. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba risasi zote zilikuwa za polisi. Wale waandamanaji walitaka kitu kimoja: ofisa wa cheo cha juu atoke, awaeleze kilichotokea. Wakasubiri kwa saa kadhaa. Hakutoka wa kuwaridhisha. Ilipofika saa mbili na nusu usiku magari mawili ya polisi yalikuwa yanawaka, na katika siku nne zilizofuata ghasia zikafika Hackney, Croydon, Birmingham, Salford na Liverpool. Watu watano walikufa. Waliokamatwa walizidi elfu tatu.

Waziri Mkuu David Cameron alisema huo ni uhalifu mtupu. Waliompinga wakataja umaskini, ruzuku ya wanafunzi iliyofutwa, na vilabu vya vijana ambavyo halmashauri ya Haringey, lilimo eneo la Tottenham, ilikuwa imevifunga muda si mrefu kabla. Kambi hizi mbili zilitukanana kwa miezi, lakini mimi naziona ni ndugu. Moja inasema vijana walisukumwa na roho mbaya, nyingine inasema walisukumwa na tumbo tupu. Zote zinawaona kama vitu vilivyosukumwa. Hata ule mfano unaopendwa na wahariri, wa cheche kuangukia nyasi kavu, una kasoro hiyo hiyo: nyasi haichagui ianzie wapi kuwaka, wala haijui imechoma nini.

Tuanze na umaskini, maana ndiyo hoja yenye uzito. Kama ukata ndio unaozaa fujo, basi Newcastle na Glasgow zingewaka mapema. Ni miji iliyoonja ukosefu wa ajira kwa vizazi, tangu viwanda vya meli na migodi ya makaa ilipofungwa. Agosti ile zilikuwa kimya. Na katika mitaa iliyowaka, vijana wengi maskini walibaki majumbani mwao. Kwa hiyo umaskini ni hali, na hali haigeuki kuwa sababu mpaka mtu aione ina maana fulani. Aristotle aliliona hili zamani. Katika kitabu cha tano cha Siasa anauliza watu huinuka kwa ajili ya nini, na anajibu kwa mambo mawili, faida na heshima, kisha anaongeza kwamba mtu huweza kukasirishwa na heshima anayopewa au kunyimwa mwenzake, si yeye tu. Wachumi wetu wamelishika lile la kwanza kwa sababu linahesabika.

La pili nalo, wakati mwingine, linahesabika. Mwanzoni mwa Aprili 1981, huko Brixton, kusini mwa London, polisi waliendesha operesheni waliyoiita Swamp 81. Askari kanzu waliingia mitaani na kwa siku chache tu wakawasimamisha watu 943, wengi wao vijana weusi. Waliokamatwa hawakufika 120. Maana yake ni kwamba mamia ya watu wasio na kosa lolote walisimamishwa kando ya barabara, wakapekuliwa mifuko, wakaambiwa waendelee na safari. Mwishoni mwa juma hilo Brixton ikalipuka. Jaji Lord Scarman, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alikiri katika ripoti yake ya Novemba kwamba hali ya maisha ilikuwa ngumu, ila hakukwepa suala la jinsi polisi walivyowatendea watu. Miezi mitatu kabla ya ghasia vijana weusi 13 walikuwa wamekufa katika moto wa nyumba huko New Cross, na wazazi walihisi taifa halikushtuka. Hilo halimo katika takwimu za ajira.

Askari akimsimamisha kijana humwuliza, kwa maneno haya au mengine: unafanya nini hapa? Ni swali dogo. Ukiulizwa ugenini unajibu, unaonyesha tiketi, unapita. Lakini mwenyeji wa mahali hana haja ya kueleza kwa nini yupo. Kuwapo kwake ndiyo hali ya kawaida, na wengine ndio wanaojieleza kwake. Kijana aliyezaliwa mtaa ule, akasoma shule ya pale, akazikiwa bibi yake pale, anapoulizwa swali hilo kila juma mbele ya kituo cha basi, anaambiwa bila kuambiwa kwamba yeye ni mpita njia kwao. Akufukuzaye hakwambii toka.

Hapo linavunjika jambo ambalo halionekani kwa macho. Sheria hunitaka nijizuie, nami najizuia kwa kuwa najua jirani anazuiwa asinidhuru. Huo ndio msingi wa utii wa mtu mzima. Nikishagundua kwamba mimi ndiye ninayechukuliwa kuwa dhara, na kwamba sheria ipo ili wengine walindwe nisije nikawafikia, kinachobaki ni woga tu. Na woga una hesabu zake. Ukiwa peke yako mbele ya askari wawili, unainamisha kichwa. Mkiwa mia tatu mbele ya askari kumi na wawili, na simu mkononi inaonyesha kwamba mtaa wa pili hali ni hiyo hiyo, hesabu imegeuka. Watu hustaajabu jinsi utulivu wa miaka mingi unavyoweza kuanguka kwa jioni moja. Mimi hustaajabu kwamba utulivu wa aina hiyo uliitwa utulivu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Bristol. Tarehe 2 Aprili 1980 polisi walivamia mkahawa mmoja wa mtaa wa St Pauls, mahali walipokutana watu weusi wa mtaa huo. Umati ukapambana nao hadi polisi wakaondoka kabisa kwa saa kadhaa. Mwanasaikolojia Stephen Reicher aliwahoji waliokuwapo, na alichokikuta hakifanani na picha ya kundi lililopagawa. Umati uliwasukuma polisi hadi mpaka wa mtaa, ukaishia hapo. Magari ya polisi yalishambuliwa na benki ikachomwa, lakini nyumba za watu hazikuguswa, na wako vijana waliosimama barabarani wakiongoza magari. Soma hilo mara mbili. Kwa saa chache vijana walifanya kazi ya trafiki katika mtaa ambao asubuhi yake walikuwa washukiwa. Sisemi walifanya vyema kuchoma benki. Nasema walijua mtaa unaanzia wapi na unaishia wapi, na walikuwa wanadai kitu kuhusu huo mtaa.

Ufaransa ilitoa mfano mchungu kuliko wote. Tarehe 27 Oktoba 2005, huko Clichy-sous-Bois, nje kidogo ya Paris, vijana watatu waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka kucheza mpira waliona polisi, wakakimbia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na futari ilikuwa inakaribia. Wakaruka ukuta wa kituo cha umeme. Wawili wakafa kwa kupigwa na umeme, wa tatu akaungua. Mmoja wa waliokufa alikuwa na miaka 17, mwingine 15. Wakubwa wakauliza: asiye na kosa anakimbia nini? Wanaouliza hivyo ni watu ambao kukaguliwa vitambulisho kwao huchukua dakika moja. Kwa vijana wale, kukaguliwa kuliweza kumaanisha saa nyingi kituoni, mzazi aje kukuchukua, na futari ikupite. Walikimbia kwa sababu walijifunza kwamba kutokuwa na kosa hakutoshi. Vitongoji viliwaka kwa majuma matatu, na serikali ikatangaza hali ya hatari kwa kutumia sheria ya mwaka 1955, iliyotungwa wakati wa vita vya Algeria. Wajukuu wa waliotawaliwa walitawaliwa kwa sheria ya babu zao, safari hii ndani ya Ufaransa yenyewe.

Uingereza nayo ilikuwa na sheria ya kale, ila yake ilisafiri upande wa pili. Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824 ilitungwa kuwaondoa barabarani maskini waliozagaa baada ya vita vya Napoleon. Kifungu chake kimoja kilimruhusu polisi kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kwamba anazunguka kwa nia mbaya. Vijana weusi wa London walikichukia hadi kikafutwa mwaka ule ule wa Brixton. Roho ya sheria hiyo ilikwishapandikizwa makoloni zamani. Ndiyo maana mpaka leo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inawazungumzia wavivu na wazururaji, na kijana wa Dar es Salaam anaweza kupakiwa kwenye karandinga kwa kosa la kuwa mahali bila sababu inayomridhisha askari. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwasomba mjini walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi inayotambulika. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika. Mambo ya Brixton si mageni kwetu kama tunavyodhani tukiyatazama kwenye televisheni.

Sasa viatu. Mtu aliyenifuata hadi hapa ana haki ya kuuliza: heshima inahusiana nini na kuvunja duka na kutoka na raba mpya na televisheni bapa? Mwaka 2011 haukuwa 1980. Hapakuwa na mpaka. Maduka makubwa yaliporwa mbali na mtaa wa mtu yeyote, na waporaji wengine walikuwa na kazi zao. Mwanasosholojia Zygmunt Bauman aliwaita wanunuzi walioenguliwa kwenye soko, na kuna ukweli ndani yake: mji unaompima mtu kwa anachovaa usishangae akivaa kwa njia nyingine. Lakini maelezo hayo hayanitoshi. Gazeti la Guardian na chuo cha LSE waliwahoji washiriki 270, na asilimia 85 walitaja mwenendo wa polisi kuwa sababu muhimu, juu kabisa pamoja na umaskini. Wengine hueleza jambo ambalo halikutangazwa sana: makundi hasimu, yenye vijana wasiothubutu kukatiza mtaa wa wenzao, yalisimamisha uadui kwa siku zile. Vijana walitembea kila mahali. Ile furaha iliyowaudhi watazamaji ilikuwa, kwa sehemu, furaha ya kupita mjini bila kuulizwa. Sehemu iliyobaki ilikuwa tamaa ya kawaida, na sina haja ya kuipamba.

Wala maelezo hayamrudishii mtu mali yake. Huko Croydon liliteketea duka la samani la House of Reeves, lililosimama tangu mwaka 1867. Jaji anauliza nani aliyewasha, na ana haki ya kutaka jina. Anayetaka kuelewa anauliza kwa nini hapa, kwa nini sasa. Nchi inayomlazimisha wa pili anyamaze ili wa kwanza afanye kazi itahitaji mahakama zinazokesha, kama zilivyokesha London Agosti ile. Aliyechoma duka la mwenye mtaa naye alimnyang'anya mwenzake uenyeji, na kwa ukatili zaidi kuliko askari yeyote.

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 10 Agosti, huko Winson Green, Birmingham, vijana watatu waliokuwa wakilinda maduka ya mtaa wao waligongwa na gari wakafa. Watatu hao walikuwa na asili ya Asia, na uvumi ukasema waliowagonga ni weusi. Kila mtu alitarajia kisasi usiku ule. Baba wa mmoja wao, aliyekuwa amejaribu kumwokoa mwanawe kwa mikono yake barabarani, alisimama mbele ya umati na kamera akawataka watu watulie, warudi makwao. Wakarudi. Hakuwa na cheo, hakuwa na sare, na polisi waliokuwa wamejazwa mjini hawakuwa na neno lililoweza kufanya hivyo. Wachambuzi walimsifu kwa ustahimilivu, kana kwamba kilichotokea ni habari ya tabia yake tu. Lakini wasikilizaji nao walifanya jambo: waliamua kumsikia mtu wa kwao, aliyewasemesha kama watu wenye mtaa. Na kati ya Jumatatu fujo zilipoanza Birmingham na Jumatano zilipotulia, hakuna aliyekuwa amewapa vijana ajira wala kuwafungulia kilabu.