Aliyekosekana Katika Ndege

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.):

Ndugu Waislamu, ifikapo Januari, majira ya kaskazi, watu wenye darubini, wenyeji kwa wageni, huenda kuhesabu ndege katika hori ya Mida, karibu na Gede. Maji yakijaa, ndege huacha matope wanakotafuta riziki, wakakusanyika kwenye kisiwa kidogo cha Sudi, chenye mikoko. Hapo ndipo huhesabika. Wamo sululu waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia. Wamo na ndege weupe wa migongo myeusi, walao kaa, ambao huzaa katika fukwe na visiwa vya Bara Arabu: huchimba shimo mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu.

Wako wasemao: huu ni mchezo wa Wazungu, Muislamu ana haja gani na hesabu ya ndege? Twawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza, hata huko Marekani jambo hili lilianza kwa kuacha ubaya. Watu wakishindana siku ya Krismasi nani aue ndege na wanyama wengi zaidi. Mwaka 1900 Frank Chapman akawataka wawahesabu badala ya kuwaua, wakaitika watu 27. Jambo jema halikataliwi kwa ajili ya aliyelitenda.

La pili, Sura An-Naml yatueleza kuwa Nabii Suleiman (A.S.) aliwakagua ndege, akamkosa Hudihudi. Mfalme mwenye majeshi ya majini na watu hakughafilika na ndege mmoja! Basi ni dhahiri: asiyewajua waliopo hatamjua aliyekosekana. Na Sura Al-An'am yatufundisha kuwa ndege nao ni umma mfano wetu.

Je, sisi wana wa pwani twajua wangapi walikuja mwaka jana? Tukikata mikoko ovyo, tukiwaacha watoto wawavurumishie mawe maji yakijaa, twawanyima mapumziko, nao yawapasa kunenepa kabla ya safari ya Aprili. Na atagaye yai moja, akipungua, hazidi upesi.

Hii ni amana. Siku wasipokuja, kusema "hatukujua" hakutatufaa, kwani macho tulipewa. Mwenye mwana na amfunze kutazama na kuhesabu, wala asimfunze kutupa jiwe.

Wabillahi taufiki.