Je, Fundi wa Mashine za Hospitali ni Mganga?

Katika Kiluganda, mtu yeyote anayefanya kazi ya kutibu huitwa musawo. Daktari bingwa ni musawo, muuguzi ni musawo, na hata yule anayechoma sindano katika kliniki ya mtaani ni musawo. Mimi si Mganda. Nilizaliwa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku, na baba yangu ni fundi wa redio na televisheni. Lakini usiku mmoja, katika wodi ya watoto ya hospitali ambayo sitaitaja, mama mmoja aliniita musawo. Tangu usiku huo sijaacha kujiuliza kama alikosea.

Swali la insha hii ni hili: mtu anayetengeneza mashine inayomtibu mgonjwa, lakini yeye mwenyewe hamgusi mgonjwa, anadaiwa nini na mgonjwa huyo? Je, anadaiwa mashine inayofanya kazi basi, kama baba yangu anavyodaiwa redio inayosema, au anadaiwa zaidi ya hapo?

Ninasoma uhandisi tiba katika Chuo Kikuu cha Makerere. Anayetaka kuielewa fani yetu na atembee Kampala kwa miguu. Udaktari hufundishwa kwenye kilima cha Mulago, kando ya hospitali ya rufaa ya taifa. Uhandisi uko kwenye kilima cha Makerere. Katikati, bondeni, iko Wandegeya, penye magari, makelele na wauza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai. Sisi ni watu wa kupanda na kushuka. Asubuhi unajifunza jinsi moyo unavyosukuma damu, mchana unajifunza jinsi pampu inavyosukuma maji, na unashangaa kuona kwamba hesabu zinafanana. Wenzetu wa udaktari hutuita mafundi. Wenzetu wa uhandisi hutuita madaktari. Mwanzoni nilidhani ni utani tu wa wanafunzi.

Baadaye niligundua kwamba vilima hivi viwili havitofautiani kwa masomo peke yake, vinatofautiana pia kwa namna ya kuwaza juu ya kosa. Kwenye kilima cha udaktari, somo la kwanza ni kutomdhuru mgonjwa aliye mbele yako. Kwenye kilima cha uhandisi tunafundishwa kwamba hakuna kifaa kisicho na kosa, na kwamba kazi ya mhandisi ni kulijua kosa hilo, kulipima, na kuliwekea mpaka. Mhandisi akisema kosa la asilimia 2 linavumilika, daktari huuliza, "Kwa mgonjwa yupi?" Maswali yote mawili ni ya haki. Idara yetu imeundwa ili yaulizwe na mtu mmoja. Ugumu wake sikuujua darasani.

Nilikuwa katika mafunzo ya vitendo baada ya mwaka wa pili. Wodi ya watoto ilikuwa na mashine moja ya kuzalisha oksijeni. Mashine hizi hazina maajabu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nitrojeni. Kompresa husukuma hewa kupita kwenye punje za madini yaitwayo zeolaiti, ambazo hunasa nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mashine nzima hutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue asilimia 82. Zeolaiti ikinyonya unyevu huchoka, nitrojeni hupita, na hapo king'ora hulia.

Usiku ule kilikuwa kinalia. Kililia tangu magharibi. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo ambaye alikuwa peke yake na watoto zaidi ya ishirini, aliniita nikiwa najiandaa kwenda kulala. Msimamizi wangu alikuwa ameshaondoka. "Mwanangu," aliniambia, "hebu ninyamazishie kidude hiki. Watoto hawalali, na mimi kichwa kinapasuka." Nikafungua mashine. Nikasafisha vichujio. Nikakagua mipira. King'ora kiliendelea kulia. Mwishowe nikauona waya unaokipeleka umeme, nikauchomoa.

Kimya kikatanda. Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto wake mwenye nimonia, mrija wa oksijeni puani, aliniangalia akatabasamu. "Webale nnyo, musawo," akasema. Asante sana, mganga. Nami nikaitikia, nikaenda zangu kulala.

Asubuhi msimamizi alileta kifaa cha kupimia. Oksijeni iliyokuwa ikitoka ilikuwa asilimia 68. Yule mtoto hakuwepo tena kwenye mashine ile. Saa kumi alfajiri muuguzi alikuwa amembana kipimo cha kidoleni, akaona oksijeni ya damu imeshuka chini ya 90 na inaendelea kushuka, akamhamishia kwenye mtungi wa mwisho uliokuwa umewekwa akiba. Mtoto alipona. Lakini sithubutu kusema kwamba nilikuwa na mkono katika kupona kwake. Alipona licha yangu.

Nilipomweleza msimamizi nilichofanya, hakunikaripia. Aliniambia jambo lililonisumbua kuliko karipio. "Asilimia 68 ni bora kuliko 21," alisema. "Ukiizima mashine, utampa nini mtoto?"

Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuipita kwa haraka. Katika hospitali zetu mara nyingi hatuchagui kati ya kifaa kizuri na kibovu, tunachagua kati ya kifaa kibovu na mikono mitupu. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchunguzi wa vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uhaba, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Hapa kwetu, mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi katika Uganda nzima iliharibika kabisa, ikiwa imetumika tangu miaka ya 1990. Wagonjwa wa saratani wenye uwezo walisafiri nje, na hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu 400 bila malipo. Wengine walibaki na maumivu yao. Mtu aliyeishi katika hali hiyo hawezi kuhubiri kwamba kila mashine isiyotimiza kiwango itupwe nje. Kiwango cha juu kisichofikika nacho kinaweza kuua.

Basi nakubaliana na msimamizi wangu: kuitumia mashine ya asilimia 68 halikuwa kosa. Lakini nadhani alijibu swali ambalo si langu. Mimi sikumpa muuguzi mashine dhaifu. Nilimpa mashine dhaifu inayosema ni nzima. Kabla sijaufungua mfuniko ule, mashine ilikuwa mbovu lakini kweli. Nilipoufunga, ilikuwa mbovu na ya uongo, na uongo huo niliutia mimi kwa vidole vyangu. Kama muuguzi angejua kwamba oksijeni imepungua, huenda angempima mtoto saa nne za usiku badala ya kungoja alfajiri. Nilimwondolea habari aliyoihitaji ili aamue. Hilo ndilo kosa langu, na uhaba wa vifaa haulifuti.

Kuna kisa maarufu ambacho kila mwanafunzi wa fani yetu hukisoma. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia mionzi ya hatari. Katika hii, watengenezaji walivipunguza na kuitegemea programu ya kompyuta, na programu ilikuwa na hitilafu. Jambo linalonigusa katika kisa hiki ni kwamba mashine ilikuwa ikitoa onyo. Kwenye kioo iliandika maneno mafupi na namba, bila kueleza maana yake. Ilifanya hivyo mara nyingi mno hata waendeshaji wakazoea kubonyeza kitufe na kuendelea. Wagonjwa waliposema wameungua, watengenezaji walijibu kwamba haiwezekani. Hatimaye mwanafizikia wa hospitali moja mjini Tyler, Texas, alikaa na mwendeshaji wa mashine, wakarudia hatua zile zile tena na tena, mpaka kosa likajitokeza mbele ya macho yao.

Hapo naona faida ya kweli ya kuviunganisha vilima viwili. Si kwamba mtu mmoja atajua moyo na pampu. Vitabu vingeweza kufanya hivyo. Faida ni kuondoa maficho. Daktari ana maficho yake: "Mashine ilionyesha hivyo." Mhandisi naye ana yake: "Mimi sikumgusa mgonjwa." Kila mmoja akijificha mahali pake, mgonjwa hubaki katikati, bondeni, hana wa kumwuliza. Mtu aliyefundishwa pande zote mbili hana pa kujificha, au tuseme, akijificha atajua kwamba anajificha.

Msomaji anaweza kunipinga akisema kwamba hata baba yangu, fundi wa redio, anadaiwa ukweli na wateja wake. Ni kweli. Lakini ipo tofauti, na niliielewa nilipokwenda likizo nikamsimulia baba habari hizi. Baba ana sharti lake: hamrudishii mtu redio kabla ya kuiwasha mbele yake. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, redio ikikoroma mwenyewe anasikia. Yeye ndiye hakimu wangu." Nikakaa kimya. Oksijeni haikoromi. Haina rangi wala harufu. Yule mama asingeweza kwa namna yoyote kujua kwamba kinachopita kwenye mrija wa mwanawe kimepungua. Mwenye redio humhukumu fundi kwa sikio lake. Mgonjwa hana sikio hilo, basi anachobaki nacho ni kumwamini aliyefunga mfuniko. Nadhani hapo ndipo ufundi unapogeuka uganga: pale ambapo anayehudumiwa hawezi kukukagua.

Na uaminifu huo haudai ukweli wa mdomo tu, unadai pia udadisi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kile kipimo cha kidoleni, ambacho hupitisha mwanga kwenye ngozi ili kukadiria oksijeni ya damu, kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kipimo cha aina hiyo ndicho kilichomwokoa mtoto wa yule mama. Nilisoma utafiti huo nikihisi ubaridi mgongoni. Hakuna aliyechomoa waya hapo. Hakuna aliyekusudia uongo. Lakini hawakutosheka kuuliza: kifaa hiki kilijaribiwa kwa ngozi ya nani? Swali kama hilo haliwezi kuachiwa watu wa mbali. Ni letu, tunaopokea vifaa hivi na kuvifunga vidoleni mwa watoto wetu.

Nakiri kwamba jibu langu lina gharama. Asubuhi ile niliurudisha waya mahali pake. Kisha nikachukua utepe wa plasta, nikaubandika juu ya mashine na kuandika: "Inatoa 68. Mpime mtoto kila saa." King'ora kikaanza tena kulia. Muuguzi wa zamu ya mchana alinitazama kwa jicho kali, akaniuliza kama hiyo ndiyo elimu ya chuo kikuu, kurudisha makelele yaliyokwisha kutulizwa. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba mashine ina haki ya kulalamika, maana ni mgonjwa. Alicheka kidogo, akaenda kumpima mtoto wa kwanza. Punje mpya za zeolaiti zilipoagizwa, hazikuwa zimefika hadi ninaondoka.

Je, yule mama alikosea kuniita musawo? Wakati ule, ndiyo, alikosea. Nilikuwa nimefanya kazi ya kumpendeza muuguzi na kuutafuta usingizi wangu. Lakini hakukosea juu ya kazi yenyewe. Aliona mtu amepiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe, akagusa kitu ambacho uhai wa mtoto ulikitegemea, akampa jina linalostahili kazi hiyo. Wenzangu tunaosoma fani hii tunapenda jina hilo linapotamkwa kwa heshima. Afadhali tulipokee kama deni. Julai ijayo ninarudi wodini kwa mafunzo ya mwisho, na nimeshamwomba baba aniazime kifaa chake cha kupimia umeme. Amekubali, kwa sharti kwamba nisirudishe kitu chochote kwa mwenyewe kabla ya kukiwasha mbele yake na kumwambia kinavyofanya kazi.